Rejeta Iliyoziba: Kuisuuza, Kuitia Dawa, Kuifungua au Kununua Nyingine?

Mwenye gari linalochemsha hupewa ushauri wa namna nne kabla hata injini haijapoa. Mmoja humwambia asuuze rejeta kwa maji ya bomba, wa pili humwonyesha chupa ya dawa ya kusafishia iliyo kwenye rafu ya duka la spea, wa tatu hutaka rejeta ifunguliwe na mirija yake izibuliwe kwa vyuma, na wa nne humsihi asipoteze muda bali anunue nyingine. Kila mmoja wao amewahi kuliponya gari fulani kwa njia yake, na ndiyo maana kila mmoja huzungumza kwa uhakika. Tatizo ni kwamba magari hayo manne hayakuwa na ugonjwa mmoja. Ulinganisho huu unamlenga mwenye gari dogo au la kati, hasa yale yaliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, ingawa mengi yanayosemwa hapa yanahusu pia matrekta, malori na jenereta.

Kabla ya kuchagua: je, ni rejeta kweli?

Swali hili limewekwa mbele kwa makusudi, kwa kuwa fedha nyingi hupotea katika kusafisha rejeta ambayo haikuwa na kosa. Geji ya joto ikipanda gari likiwa limesimama kwenye foleni na kushuka mara linapochukua mwendo, mshukiwa wa kwanza ni feni, kwa sababu mwendo wa gari umeleta upepo ambao feni ilishindwa kuuleta. Ikipanda gari likiwa kasi au likikwea mlima na mzigo, huku feni ikizunguka vizuri, rejeta iliyoziba inastahili kushukiwa, pamoja na pampu ya maji iliyochoka na thamostati (kizibo kinachofungua na kufunga njia ya maji kulingana na joto) isiyofunguka sawasawa. Hozi ya juu ikiwa ngumu ndani ya dakika moja au mbili tangu injini iliyolala usiku kucha iwashwe, na mapovu yakawa hayakomi kwenye mdomo wa rejeta, gesi ya mwako huenda inapenya kwenye gasketi ya silinda hedi, yaani kizuizi kilicho kati ya kichwa cha injini na mwili wake, na hapo hakuna usafishaji wowote wa rejeta utakaosaidia.

Kifuniko cha rejeta hupuuzwa kuliko kifaa kingine chochote katika mfumo huu. Juu yake huandikwa namba kama 0.9 au 1.1, ambayo ni kiasi cha mgandamizo, kwa kipimo kinachokaribia bar (kizio cha mgandamizo), ambao springi yake huuzuia kabla ya kuuachilia. Mgandamizo huo ndio unaoyafanya maji yasichemke kwenye nyuzi 100 za Selsiasi bali karibu na nyuzi 120. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga hiyo huondoka, na wanaoishi nyanda za juu huumia zaidi, kwa kuwa mjini Iringa, kwenye mwinuko wa mita 1,600 hivi, maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95 tu. Mwandishi wa makala haya alilipia usafishaji wa rejeta mara mbili katika mwaka mmoja, na mara zote mbili gari likachemsha tena kwenye mlima wa Kitonga. Fundi wa tatu ndiye aliyebadilisha kifuniko, kisha akaosha udongo mwekundu uliokuwa umejaa kati ya kondensa ya kiyoyozi, iliyo mbele ya rejeta, na rejeta yenyewe, na tangu hapo mlima huo umekuwa ukipandwa bila wasiwasi.

Uoshaji huo wa nje nao si mojawapo ya njia tunazozilinganisha, bali ni sharti la kila njia. Wadudu, majani na vumbi hukwama kwenye mapezi, yaani vibati vyembamba vilivyo kati ya mirija, na kuuzuia upepo usipite, na rejeta iliyo safi ndani lakini imeziba nje huchemsha vilevile. Maji yaelekezwe kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia ambayo uchafu uliingilia, na nguvu yake iwe ndogo, kwa maana mashine za kuoshea zenye shinikizo kubwa huyalaza mapezi na kuziba kile kilichokusudiwa kuzibuliwa.

Vigezo vya kulinganisha

Njia zote nne zitapimwa kwa mambo matano yaleyale: kazi yenyewe inavyofanyika, aina ya uchafu inayouondoa, hatari zake, gharama na muda wake, na mtu au gari linaloifaa. Katika vigezo hivyo, cha aina ya uchafu ndicho chenye uzito mkubwa, hivyo inafaa kuueleza uchafu wenyewe kwanza.

Ndani ya mfumo wa kupoozea huwa kuna uchafu wa aina nne. Upo utelezi wa rangi ya kahawia, ambao ni kutu itokayo kwenye bloku ya chuma, yaani mwili wa injini, ikichanganyika na maji. Huu ni laini, na hutulia mahali ambapo maji hupita polepole. Upo ukoko mgumu mweupe, uleule unaoonekana ndani ya birika la chai, ambao hutokana na maji yenye chokaa. Maji ya visima katika maeneo mengi ya Dodoma na Singida, na yale ya visima virefu jijini Dar es Salaam, huwa na madini au chumvi kwa wingi, na kila yanapoongezwa kwenye rejeta iliyopungua, maji hupotea kama mvuke na madini hubaki. Yapo mafuta, yanayoingia kupitia gasketi iliyoungua au kipozeo cha mafuta kilichotoboka. Na zipo poda za kuziba uvujaji, ambazo mtu alizimwaga siku ya dharura akasahau, nazo zikaendelea kuganda kwenye mirija mizima iliyokuwa haina kosa.

Pia ni lazima kujua rejeta imetengenezwa kwa kitu gani. Rejeta za zamani, zilizo kwenye matrekta, malori na magari ya kazi ya miaka ya nyuma, ni za shaba zilizoungwa kwa lehemu. Karibu magari yote madogo ya sasa yana rejeta ya alumini yenye matangi ya plastiki, yaliyobanwa kwa meno madogo ya chuma juu ya mpira. Tofauti hii huamua zaidi ya nusu ya mambo yatakayofuata.

Njia ya kwanza: kusuuza kwa maji

Kazi yenyewe. Injini ikiwa imepoa kabisa, kulanti (kimiminika cha kupoozea injini) ya zamani humwagwa kwa kufungua kizibo cha chini cha rejeta, maji safi hujazwa, hita huwekwa kwenye joto la juu kabisa ili maji yapite pia kwenye rejeta ndogo ya ndani ya gari, kisha injini huachwa iungurume mpaka thamostati ifunguke, jambo ambalo katika injini nyingi hutokea kati ya nyuzi 80 na 90. Baada ya hapo huzimwa, huachwa ipoe, na maji humwagwa tena. Zoezi hilo hurudiwa mpaka maji yatoke meupe, na kwa kawaida mara tatu hadi tano zinatosha. Namna iliyo bora zaidi ni kusuuza kinyumenyume: hozi zote mbili za rejeta hufunguliwa, na maji ya mpira wa bustani, kwa nguvu ndogo, huingizwa kwenye mdomo wa chini yatokee juu, ili uchafu urudi kwa njia uliyojia.

Uchafu unaoondoka. Kutu laini, mchanga, na mabaki ya kulanti iliyochoka. Ukoko wa chokaa hauondoki, na mafuta hayaondoki isipokuwa kwa sehemu ndogo sana.

Hatari zake. Ni chache kuliko za njia nyingine zote, lakini mbili kati yake ni kubwa. Ya kwanza ni kufungua kifuniko injini ikiwa moto. Maji yaliyo chini ya mgandamizo kwenye nyuzi 110 hulipuka kuwa mvuke mara yanapoachiliwa, na watu huungua uso na mikono. Ya pili ni kumwaga maji ya baridi kwenye injini iliyochemka, kwa kuwa silinda hedi ya alumini ikipoa ghafla hupinda au hupasuka. Kuna kosa la tatu, la kimyakimya: kizibo cha chini cha rejeta hakitoi maji yote, kwani kiasi kikubwa hubaki ndani ya bloku. Chukua mfano wa gari linalobeba lita 5, ambamo lita 2 zimebaki kwenye bloku. Mwenye gari akijaza lita 3 za kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu, mchanganyiko wake wa mwisho utakuwa asilimia 30 tu, si 50 kama ilivyoandikwa kwenye dumu. Njia ya kulikwepa kosa hili ni kutumia kulanti isiyochanganywa, kutia kwanza lita 2.5, kisha kumalizia kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyovukizwa ili yasiwe na madini. Na mzunguko wa mwisho wa kusuuza ufanywe kwa maji hayohayo ili kinachobaki kwenye bloku kisiwe maji ya kisima.

Gharama na muda. Karibu hakuna gharama zaidi ya kulanti mpya. Muda ni nusu siku, sehemu kubwa ikiwa ni kusubiri injini ipoe.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye gari ambalo halijawahi kuchemsha na ambaye anataka libaki hivyo. Kusema kweli hii ni njia ya matunzo kuliko ya tiba. Anayeitumia kila anapobadilisha kulanti huenda asihitaji kamwe njia tatu zinazofuata, na anayeikimbilia baada ya miaka minane ya kujaza maji ya kisima asishangae geji isipobadilika.

Njia ya pili: dawa ya kusafishia

Kazi yenyewe. Kulanti humwagwa, mfumo hujazwa maji, dawa huongezwa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na injini huunguruma ikiwa na joto lake la kazi kwa muda uliopangwa na mtengenezaji. Nyingine ni za dakika chache, nyingine hutakiwa kubaki ndani wakati gari likiendelea kutumika kwa siku moja au zaidi. Kisha hufuata kusuuza kwa maji mara kadhaa, kama ilivyoelezwa juu, mpaka isibaki harufu wala povu.

Uchafu unaoondoka. Hapa dawa hugawanyika, na mnunuzi lazima asome chupa. Zile zenye asidi laini, kama asidi ya sitriki ambayo ndiyo asidi ya ndimu na limau, huyeyusha ukoko wa chokaa na kutu. Zile zenye sabuni isiyotoa povu huondoa mafuta. Dawa ya ukoko haitatoa mafuta, na ya mafuta haitagusa ukoko. Hakuna dawa itakayozibua mrija uliokwisha kuziba kabisa, kwa sababu ya jambo lililo wazi ambalo husahaulika: dawa hufika pale tu maji yanapofika. Mrija usiopitisha maji haupitishi dawa.

Hatari zake. Hatari ya kwanza ni kwa alumini yenyewe. Chuma hiki hushambuliwa na asidi kali na pia na magadi makali, ndiyo maana dawa isiyoandikwa kwamba ni salama kwa alumini isiingie kwenye gari la kisasa. Wapo wanaotumia asidi ya betri, magadi ya kutengenezea sabuni, au sabuni ya unga ya kufulia, kwa kuwa ni rahisi na zipo karibu. Asidi na magadi hutoboa mirija ambayo kuta zake ni nyembamba kuliko milimita moja, na sabuni ya unga hutoa povu ambalo pampu haiwezi kulisukuma na ambalo haliwezi kubeba joto. Hatari ya pili si kosa la dawa. Ukoko na kutu wakati mwingine ndivyo vilivyokuwa vimeziba tundu la zamani, na vikiondoka, rejeta huanza kuvuja siku ileile. Mwenye gari hulalamika kwamba dawa imeitoboa rejeta yake, ilhali imelifunua tu tundu lililokuwepo. Hatari ya tatu ni vipande vya ukoko vinavyobanduka na kwenda kukwama kwenye rejeta ndogo ya hita, ambayo mirija yake ni myembamba zaidi.

Gharama na muda. Chupa ya dawa, kulanti mpya, na kati ya nusu siku na siku mbili. Ni ghali kidogo kuliko maji na ni nafuu sana kuliko rejeta mpya.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye gari ambalo geji yake imeanza kupanda kidogo kuliko zamani, ambalo ndani ya mdomo wa rejeta huonekana ukoko mwembamba au utelezi wa mafuta, na ambalo halivuji popote. Kwa gari ambalo gasketi ya silinda hedi au kipozeo cha mafuta kimetengenezwa hivi karibuni, dawa ya kuondoa mafuta karibu ni ya lazima, kwa kuwa mafuta yaliyobaki huendelea kuzivimbisha hozi na kuzilainisha mpaka zipasuke njiani.

Njia ya tatu: kuifungua na kuizibua kwa vyuma

Kazi yenyewe. Rejeta huvuliwa kwenye gari na kupelekwa kwa fundi wa rejeta, ambaye mara nyingi si fundi wa injini bali mtu wa kazi hii peke yake. Kwa rejeta ya shaba, fundi huyeyusha lehemu ya tangi la juu, huliondoa, huingiza vyuma bapa vyembamba kwenye kila mrija kutoka juu hadi chini, husuuza, kisha hulirudisha tangi na kulilehemu upya. Mwishowe huziba midomo, huitumbukiza rejeta kwenye pipa la maji, na kuijaza upepo kidogo ili kuona kama kuna mapovu. Mteja abaki ashuhudie jaribio hilo, na upepo usizidi sana namba iliyo kwenye kifuniko.

Uchafu unaoondoka. Wote. Hii ndiyo njia pekee inayozibua mrija uliokufa, na ndiyo pekee inayomwezesha fundi kuona kwa macho ni mirija mingapi ilikuwa imeziba. Poda za kuziba uvujaji zilizoganda, ambazo maji na dawa huzishindwa, hutolewa hapa.

Hatari zake. Kwa shaba, hatari ni ndogo ikiwa fundi ana mkono mtulivu. Kwa alumini yenye matangi ya plastiki mambo hubadilika. Ili tangi litoke, meno yanayolibana hukunjuliwa moja baada ya jingine, kisha hukunjwa tena, na alumini iliyokunjwa mara mbili hudhoofika na kukatika. Mpira wa katikati unatakiwa kuwa mpya, nao si rahisi kuupata wa saizi halisi, hivyo mafundi wengi huweka gundi ya silikoni. Mirija yenyewe ni myembamba mno kiasi kwamba chuma kikienda pembeni kidogo hutoboa. Wapo mafundi hodari wanaoifanya kazi hii vizuri kwa alumini, na ni dhuluma kuwakatalia. Lakini rejeta iliyofunguliwa mara moja isitegemewe kufunguliwa mara ya pili.

Gharama na muda. Gharama yake huwa kati ya dawa na rejeta mpya. Gari hulala siku moja au mbili, na kulanti yote ni lazima ibadilishwe.

Inamfaa nani. Inamfaa kikamilifu mwenye trekta, lori au gari la zamani lenye rejeta ya shaba, kwa kuwa rejeta hiyo ni nzito na imara, inaweza kufunguliwa mara nyingi, na mpya yake huenda haipatikani kirahisi. Inamfaa pia mwenye gari la kisasa aliye mbali na maduka, ambaye rejeta mpya itachukua wiki kumfikia na fundi mzuri yupo karibu.

Njia ya nne: kununua nyingine

Kazi yenyewe. Rejeta ya zamani hutolewa, nyingine huwekwa, pamoja na hozi na klipu zilizochoka. Mnunuzi ana milango mitatu: ya mtengenezaji wa gari, ya kampuni nyingine iliyotengenezwa kulifaa gari hilo, au iliyotumika, inayotoka kwenye magari yaliyokatwa na kuuzwa vipandevipande katika maduka ya spea ya Ilala na Kariakoo jijini Dar es Salaam, au Barabara ya Kirinyaga jijini Nairobi.

Uchafu unaoondoka. Ule wa ndani ya rejeta tu. Kutu iliyoko kwenye bloku na uchafu ulioko kwenye hita hubaki palepale, na ndani ya wiki chache huhamia kwenye mirija mipya. Njia hii haimwondolei mtu wajibu wa njia ya kwanza. Bloku isuuzwe kabla rejeta mpya haijafungwa, si baada.

Hatari zake. Kubwa ni kununua isiyolingana. Magari yenye gia za otomatiki huwa, mara nyingi, na kipozeo cha mafuta ya gia ndani ya tangi la rejeta, na rejeta ya gari la gia za mkono haina. Unene wa rejeta nao hutofautiana, na mbili zinazofanana kwa sura zaweza kutofautiana kwa uwezo wa kupooza. Kwa iliyotumika, rangi ya tangi la plastiki husema mengi: jeusi lililogeuka kuwa la kahawia limepikwa na joto kwa miaka, na litapasuka karibu na mdomo wa hozi bila taarifa. Mapezi yanayobomoka kwa kuguswa na ukucha yameliwa na chumvi, jambo linaloonekana sana kwenye magari ya pwani.

Gharama na muda. Ndiyo ghali kuliko zote kwa siku ya kwanza, lakini ufungaji wake ni wa saa chache, na kwa anayelitegemea gari kwa riziki, siku ambazo gari halikulala gereji ni sehemu ya hesabu.

Inamfaa nani. Inamfaa mwenye gari la alumini ambalo rejeta yake inavuja kwenye maungio ya tangi, imeziba sana, au mapezi yake yamekwisha. Inamfaa pia ambaye mafuta ya gia yamechanganyika na kulanti yakawa kama maziwa ya rangi ya waridi, kwa kuwa kipozeo kilichotoboka ndani ya tangi hakitengenezeki kwa usalama, na gia za otomatiki haziwezi kuvumilia maji.

Kinachojazwa baada ya kazi

Njia yoyote itakayochaguliwa, matokeo yake yatadumu kwa kadiri ya kitakachojazwa. Kulanti si maji yenye rangi. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa glikoli, ambayo ndiyo kiini cha kulanti, na maji huchemka karibu na nyuzi 107 hata bila mgandamizo, na dawa za kuzuia kutu zilizomo hufunika chuma, alumini na lehemu kwa pamoja. Dawa hizo huisha kabla ya rangi kufifia, hivyo kulanti yenye rangi nzuri inaweza kuwa imekwisha nguvu. Rangi pia haitambulishi aina, kwa kuwa kila kampuni huchagua yake. Kinachostahili kusomwa ni kitabu cha gari na maandishi ya dumu. Kwa mfano, kulanti ya waridi ya maisha marefu ya Toyota huja ikiwa imeshachanganywa, nayo hupangiwa kubadilishwa mara ya kwanza kwenye kilomita 160,000 na baadaye kila kilomita 80,000. Lakini gari lililonunuliwa likiwa limetumika, ambalo historia yake haijulikani, lisipewe imani hiyo, bali libadilishwe mwanzoni kabisa na hesabu ianzie hapo.

Maji ya kuchanganyia yawe yaliyotoneshwa. Yanayouzwa kwa ajili ya kuongezea betri yanafaa, ila mnunuzi ahakikishe amepewa maji na si asidi, kwa kuwa hukaa kwenye rafu moja na chupa zake hufanana. Yakikosekana, maji ya mvua yaliyokingwa safi na kuchujwa ni afadhali kuliko ya kisima. Baada ya kujaza, hewa itolewe: kifuniko kikiwa wazi tangu injini ikiwa baridi, pua ya gari ikiwa imeinuliwa kidogo na hita ikiwa imefunguliwa, mpaka mapovu yaishe.

Thamostati nayo irudishwe. Imekuwa desturi kuiondoa kwa hoja kwamba nchi zetu ni za joto, lakini injini isiyo na thamostati hufanya kazi ikiwa baridi mno, hula mafuta zaidi, na husagika haraka. Katika baadhi ya injini, kuiondoa huacha njia ya mkato wazi, na maji huzunguka ndani ya bloku bila kupita kwenye rejeta, hivyo gari huchemsha kwa sababu ya kile kilichofanywa ili lisichemshe.

Kulanti iliyomwagwa ikusanywe kwenye dumu lenye kifuniko. Glikoli ni sumu yenye ladha tamu, na mtoto, mbwa au mbuzi huweza kuinywa kwenye kidimbwi kilichoachwa uani.

Kwa hali yako

Ikiwa gari ni zima na umelinunua hivi karibuni, suuza kwa maji, badilisha kulanti na kifuniko, na usitie dawa yoyote. Ikiwa geji imeanza kupanda milimani, ndani kuna ukoko mwembamba na hakuna uvujaji, anza na dawa iliyoandikwa kuwa salama kwa alumini. Ukiona hakuna tofauti baada ya hapo, usirudie dawa mara ya pili, bali fanya jaribio hili: washa injini mpaka ipate joto, izime, chomoa waya wa feni kwa kuwa baadhi hujiwasha zenyewe, kisha pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta. Sehemu zilizo baridi ni mirija iliyokufa. Zikiwa chache na rejeta ni ya shaba, mtafute fundi wa kuifungua. Zikiwa nyingi na rejeta ni ya alumini, weka fedha za kununua nyingine.

Ikiwa gari ni la biashara, kwa mfano teksi au gari la abiria, na rejeta ni ya alumini iliyokwisha kuvuja mara moja, linganisha bei ya mpya na mapato ya siku mbili au tatu za kulala gereji kabla ya kuamua kuifungua. Ikiwa uko kijijini na trekta lenye rejeta ya shaba, fundi wa lehemu aliye karibu ana thamani kuliko dawa yoyote. Ikiwa umeona mafuta kwenye maji, usichague njia yoyote kati ya hizi kabla chanzo cha mafuta hayo hakijapatikana; kikiwa ni kipozeo cha gia kilicho ndani ya rejeta, nunua nyingine, na kikiwa kingine, kizibwe kwanza. Na ikiwa huna fedha ya lolote kwa wiki hii, osha rejeta kwa nje, kagua kifuniko, jaza kulanti kufikia alama ya chupa ya akiba injini ikiwa baridi, na uepuke milima na mizigo mizito mpaka fedha ipatikane.